Kwa nini flashi 'mpya' huenda kwa kasi ya zamani?

MTU anayepita jioni katika maduka ya steshenari ya Mbagala Rangi Tatu, Tandika, Mwananyamala au Tegeta hakosi kumkuta mteja aliyesimama mbele ya kompyuta, macho yakiwa kwenye mstari wa kijani unaojaa taratibu kama maji ya bomba la mgawo. Ni mwanafunzi anayetaka kuchapisha utafiti wake kabla ya kuukabidhi chuoni kesho yake, au mpiga picha za video aliyeahidi kwamba mkanda wa harusi utaonyeshwa siku ya kuvunja kamati. Flashi aliyonayo imeandikwa 3.0, aliinunua kwa bei ya juu kidogo kwa sababu hiyo, lakini mstari hausogei.

Mteja hulaumu kompyuta, na mwenye duka hulaumu flashi. Mara nyingi wote wawili wana sehemu ya ukweli, na kuuelewa huanza na historia fupi ya tundu lenyewe.

Kabla ya mwaka 1996, kila kifaa cha kompyuta kilikuwa na tundu lake: printa lake, kipanya lake, kibodi lake. Kampuni saba, zikiwamo Intel, Microsoft, IBM na Compaq, ziliungana kutafuta tundu moja la vifaa vyote, na Januari mwaka huo likatangazwa toleo la kwanza la USB. Miongoni mwa wahandisi waliolibuni ni Ajay Bhatt wa Intel, mzaliwa wa India. Toleo la 1.1 lililofuata mwaka 1998 ndilo lililoenea, likiwa na kasi ya juu ya megabiti 12 kwa sekunde. Kwa kipanya na kibodi hiyo ilitosha na kusaza.

Aprili 2000 likaja toleo la 2.0, lenye megabiti 480 kwa sekunde, yaani mara 40 ya lile la awali. Novemba 2008 likatangazwa la 3.0, lenye gigabiti 5 kwa sekunde. Yapo mengine yaliyofuata, hadi USB4 ya mwaka 2019 yenye gigabiti 40, lakini katika maduka ninayoyazungumzia hapa mgongano mkubwa uko kati ya 2.0 na 3.0.

Hapa msomaji anapaswa kuwa makini na neno moja. Kasi ya USB hutajwa kwa biti, ilhali ukubwa wa faili hutajwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo megabiti 480 ni megabaiti 60 tu kwa sekunde, tena kwenye karatasi. Katika matumizi halisi tundu la 2.0 hutoa kati ya megabaiti 30 na 40, kwa kuwa sehemu ya njia hutumiwa na mazungumzo ya vifaa vyenyewe.

Chukua video ya harusi yenye gigabaiti 32. Kwenye kompyuta kuukuu yenye USB 1.1, inayopitisha takriban megabaiti moja kwa sekunde, kazi hiyo ingechukua karibu saa tisa. Mtu angeianza wakati wa adhana ya alfajiri na kuimaliza mnamo saa nane mchana. Kwenye 2.0, kwa megabaiti 30, ni dakika 18 hivi. Kwenye 3.0, ikiwa diski iliyounganishwa ni ya aina ya SSD inayomudu megabaiti 300, haifiki dakika mbili.

Maneno "ikiwa diski inamudu" ndiyo kiini cha malalamiko mengi. Tundu ni barabara tu. Flashi ni gari. Flashi nyingi za bei rahisi huandika kwa megabaiti 10 kwa sekunde au chini ya hapo, hata kama plagi yake ina plastiki ya bluu. Kwa kasi hiyo, video ileile itachukua zaidi ya dakika 50 hata kwenye tundu jipya kabisa. Nani atamwambia mnunuzi jambo hili dukani? Kwenye pakiti huandikwa namba ya toleo kwa herufi kubwa, na kasi ya kuandika haitajwi kabisa, au hutajwa ile ya kusoma, ambayo kwa kawaida ni kubwa zaidi.

Kuhusu kuoana, habari ni njema. Waliobuni 3.0 waliacha nyaya nne za zamani mahali pake, wakaongeza pini tano nyuma yake. Ndiyo maana flashi ya 2.0 hufanya kazi kwenye tundu la 3.0, na ya 3.0 hufanya kazi kwenye tundu la 2.0. Vinapokutana vya vizazi viwili, vyote hushuka hadi kasi ya kile cha chini. Hakuna kinachoungua, kinyume na hofu ambayo baadhi ya wateja huwa nayo.

Aidha, pini hizo tano huleta kioja kimoja. Ukiichomeka plagi ya 3.0 polepole sana, pini nne za mbele hugusana kwanza, na kompyuta inaweza kuamua kwamba hii ni 2.0 kabla zile za nyuma hazijafika. Ichomoe, uichomeke tena kwa mkono wa haraka, na kasi inaweza kubadilika. Waya wa kurefushia nao ni mtego: kama ni wa 2.0, hauna nyaya za ziada, na tundu la bluu lililo nyuma yake halisaidii kitu.

Kompyuta nyingi za mezani zilizotumika, zinazofika Kariakoo kutoka nje na kusambaa hadi Temeke na Kinondoni, zina matundu ya aina zote mbili katika sanduku moja. Mara nyingi yale ya mbele, yaliyo karibu na mkono wa mteja, ni ya 2.0, na ya 3.0 yako nyuma, yakitazama ukuta. Rangi ya bluu au herufi SS kando ya alama ya USB ndizo dalili za kutazama, ingawa bluu peke yake si hati ya uthibitisho, maana si watengenezaji wote wanaoitumia.

Jambo la umeme halizungumzwi sana, lakini ndilo linaloharibu mali. Tundu la 2.0 hutoa miliampea 500, na la 3.0 hutoa 900. Diski ngumu ya nje isiyo na waya wake wa umeme inaweza kushindwa kuzunguka vizuri kwenye tundu la zamani. Hutoa mlio wa kugonga-gonga, huonekana na kupotea. Mwenye diski akiendelea kulazimisha, anaweza kupoteza kazi ya miaka. Ukisikia mlio huo, simamisha, uhamie tundu jingine au utumie waya wenye plagi mbili.

Umbo la mviringo la USB-C, lililotangazwa mwaka 2014, limeongeza mkanganyiko badala ya kuupunguza. Watu hudhani umbo ni kasi. Sivyo. Simu ya iPhone 15 ya mwaka 2023 ina tundu hilo, lakini husafirisha data kwa kasi ya USB 2.0, ile ya mwaka 2000. Ni zile za Pro tu zinazofika gigabiti 10, tena kwa waya unaonunuliwa kando. Wenye viwango nao hawakusaidia: USB 3.0 ilibadilishwa jina ikawa 3.1 Gen 1, kisha 3.2 Gen 1, ilhali ni kitu kilekile cha gigabiti 5. Mwenye duka anayeuza "3.2" kwa bei ya juu huenda hadanganyi, na bado mteja hapati jipya.

Mafundi wanaopenda kuweka Windows 7 kwenye kompyuta za miaka ya karibuni wanaujua mkasa wa mwisho: mfumo huo, uliotoka mwaka 2009, haukuja na programu ya kuendesha USB 3.0. Kwenye mashine zisizo na tundu la 2.0, kibodi na kipanya hufa papo hapo katikati ya kazi, na fundi hubaki akitazama swali kwenye kioo asiloweza kulijibu, hadi atakapoongeza programu hiyo kwenye flashi ya kuanzishia.