Vali ya Tufe: Wepesi, Unafuu na Lugha ya Kuyaeleza Hayo

Utangulizi

Kamukuywa ni soko lililo kando ya barabara kuu itokayo Webuye kuelekea Kitale, katika Kaunti ya Bungoma. Kaskazini-magharibi yake umesimama Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, na baadhi ya mito ya miteremko yake huishia katika Mto Nzoia na hatimaye katika Ziwa Viktoria. Kwa kuwa maji huteremka yenyewe, miradi ya maji ya sehemu kama hizi inaweza kuendeshwa pasipo pampu. Maji hutekwa juu, huhifadhiwa katika tangi, kisha huteremshwa kwa mabomba hadi kwenye vioski, shule na maboma ya watu. Kinachohitajika njiani ni kifaa cha kuyafungulia na kuyafungia. Makala hii inanuia kueleza kifaa kimoja cha aina hiyo, yaani vali ya tufe, na kuonyesha jinsi kinavyoweza kutengenezwa kikawa chepesi na cha bei nafuu bila kupoteza uimara wake.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa fasihi ana nini na vali? Jibu limo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Vifungu hivi hukutana siku ambayo kamati ya maji ya kijiji inakwenda kununua vali, nayo maelezo yote yameandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi. Asiyeweza kuuliza swali huchaguliwa na wengine, kisha huachiwa gharama ya matengenezo.

Suala la Jina

Kabla ya kukieleza kifaa, yafaa tukubaliane kuhusu jina lake. Jina la Kiingereza limeundwa kwa neno ambalo mfasiri mwenye haraka atalitafsiri kuwa "mpira", na hivyo ataandika "vali ya mpira". Hapo ndipo utata unapozuka. Mpira kwa Kiswahili ni kitu cha kuchezea, na pia ni ile mali laini inayonyumbuka. Mtunza bohari akiletewa orodha iliyoandikwa "vali ya mpira" atatafuta vali yenye kiwambo cha mpira ndani yake. Na vali ya namna hiyo ipo kweli, tena kazi yake ni nyingine.

Wapo watakaopendekeza "gololi", neno lililo hai miongoni mwa watoto na mafundi wa baiskeli. Hata hivyo, gololi hubiringika huru, ilhali tufe tunalolizungumzia limeshikwa na huzungushwa kwa mkono. Isitoshe, ipo vali nyingine ambayo ndani yake kijitufe hubiringika chenyewe ili kuyazuia maji yasirudi nyuma. Hiyo ndiyo inayostahili kuitwa vali ya gololi. Kwa sababu hizi, makala hii inatumia istilahi "vali ya tufe", kwa kuwa tufe ni neno ambalo mwanafunzi wa hisabati analijua na halina maana ya pili inayoweza kumpotosha mnunuzi.

Muundo na Utendakazi

Vali ya tufe ina sehemu tano kuu: kiwiliwili, tufe, viti viwili, ufito na mkono. Tufe limetobolewa tundu linalopita upande mmoja hadi wa pili. Limekaa katikati ya viti viwili vya mviringo, ambavyo mara nyingi hutengenezwa kwa plastiki telezi ya jamii ya Teflon. Ufito huunganisha tufe na mkono ulio nje. Mkono ukizungushwa robo mzunguko, yaani digrii 90, tundu huacha kuelekeana na bomba, na ubavu mzima wa tufe huziba njia.

Faida yake ya kwanza ni kwamba hali yake husomeka kwa macho. Mkono ukilala sambamba na bomba, maji yanapita, ukikingama, yamefungwa. Vali ya lango, ambayo hushusha bamba ndani ya bomba, huhitaji kuzungushwa mara nyingi, na kwa kawaida gurudumu lake halimwonyeshi mtu kama njia i wazi au imefungwa.

Kani Inayobebwa na Vali

Uzito wa vali hauwezi kujadiliwa kabla ya kuijua kani inayoikabili. Katika bomba la mteremko, kila mita 10 za kimo huongeza takribani kilo 1 kwa kila sentimita mraba. Tangi likiwa mita 100 juu ya vali, kanieneo itafikia takribani kilo 10 kwa kila sentimita mraba wakati maji yametulia.

Chukua vali yenye tundu la milimita 50. Eneo la tundu hilo ni karibu sentimita mraba 20. Vali ikifungwa, maji hulisukuma tufe kwa kani inayokaribia kilo 200, uzito unaozidi magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Sasa chukua vali ya milimita 100. Kipenyo kimeongezeka maradufu, lakini eneo limeongezeka mara nne, na kani ni karibu kilo 785. Hayo yanakaribia magunia tisa.

Uzito wa vali yenyewe hukua kwa kasi zaidi. Kipenyo kikiongezeka maradufu, ukuta wa kiwiliwili hauna budi kuwa mnene maradufu ili uhimili kanieneo ile ile; mzingo nao huongezeka maradufu, na urefu pia. Mbili mara mbili mara mbili ni nane. Kwa hiyo vali ya milimita 100 hukaribia uzito wa vali nane za milimita 50 za umbo lile lile, na nguvu ya kuuzungusha mkono wake huongezeka takribani kwa kiwango hicho hicho. Hiki ndicho kiini cha suala zima: kosa dogo katika kuchagua kipenyo ni kosa kubwa katika uzito na bei.

Njia za Kupunguza Uzito na Bei

Njia ya kwanza ni kulipunguza tundu la tufe liwe dogo kuliko bomba. Tundu likiwa asilimia 80 ya kipenyo cha bomba, tufe huwa na karibu nusu ya uzito wa lile la tundu kamili, kwa hesabu ile ile ya kuzidisha mara tatu. Maji hulazimika kuongeza mwendo kwa asilimia 56 yanapopita hapo, kisha hurudia mwendo wake wa awali. Upotevu wa kanieneo upo, lakini ni mdogo, na bomba lenye mteremko wa kutosha linaweza kuuvumilia.

Njia hii haifai kila mahali. Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978 na likaendelezwa hadi Eldoret mwaka 1994, ni mfano wa kazi ya aina nyingine. Mabomba ya mafuta husafishwa kwa kupitishiwa ndani chombo kinachosukumwa na mafuta yenyewe, nacho chombo hicho hujaa bomba lote. Vali yenye tundu dogo ingekikwamisha. Katika kazi hiyo tundu kamili ni sharti, na wepesi hutafutwa kwingine.

Njia ya pili ni kubadilisha mali ya kutengenezea. Shaba nyeupe, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, ina uzito wa takribani gramu 8.5 kwa kila sentimita ya ujazo. Feleji ina 7.85, plastiki ngumu ya mabomba, maarufu kama PVC, ina karibu 1.4. Kipande cha plastiki hiyo, basi, kina uzito wa sehemu moja ya sita ya kipande cha shaba nyeupe cha ukubwa ule ule. Plastiki ni dhaifu kuliko madini, hivyo ukuta wake huongezwa unene, lakini vali hubaki nyepesi kwa mbali. Haipati kutu. Zaidi ya hayo, haina soko kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hili si jambo dogo katika nchi ambayo Januari 2022 serikali ilisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu. Vali isiyomvutia mwizi ni nafuu mara mbili.

Njia ya tatu ni kuondoa mali mahali ambapo kani haipiti. Siku hizi mbunifu huichora vali katika kompyuta, na programu huugawa mwili wake katika maelfu ya vipande vidogo ili kukokotoa mzigo wa kila kipande. Sehemu zisizobeba mzigo hupunguzwa. Zinazobeba mzigo mkubwa, kama vile shingo ya ufito na pembe za ndani, huachwa nene au huviringwa ili zisipasuke. Tufe lenyewe linaweza kuwa ganda lenye uwazi ndani badala ya kuwa pande zima la chuma. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo; mbunifu hodari ni yule anayejua aache kubandua wapi.

Njia ya nne inahusu jinsi ya kuunganisha. Kiwiliwili kilichofungwa kwa bolti huhitaji kingo nene pande zote za kiungo, na kingo hizo ni uzito mtupu. Kiwiliwili kilichochomelewa huziepuka, na hupunguza mahali panapoweza kuvuja. Malipo yake ni kwamba hakifunguliwi tena kwa urahisi: kiti kikichakaa, vali nzima hubadilishwa. Kwa vali ndogo ya plastiki hasara hiyo inavumilika. Kwa vali kubwa ya bomba kuu ni jambo la kufikiriwa kwa makini.

Mahali Pasipostahili Kupunguzwa

Unafuu una mipaka yake. Mpaka wa kwanza ni viti. Viti vikiwa vyembamba au vya plastiki duni, mchanga unaoteremshwa na mito wakati wa masika huvichana, na vali huanza kudondosha. Kwa sababu hiyo hiyo, vali ya kawaida ya tufe haipaswi kuachwa nusu wazi ili kupunguza maji. Maji hupita katika upenyo mwembamba kwa kasi na kuula ukingo wa kiti. Vali hii ni ya kufungua au kufunga; haina kazi ya tatu.

Mpaka wa pili ni lile tukio tutakaloliita pigo la maji. Maji yanayotembea yakisimamishwa ghafla, mwendo wake hugeuka kanieneo. Mtaalamu wa Urusi, Nikolai Zhukovsky, alilichunguza tukio hili katika mabomba ya mji wa Moscow na kutoa maelezo yake mwaka 1898. Kwa kanuni yake, maji yaendayo mita 1 kwa sekunde katika bomba la chuma, yakikatizwa papo hapo, huongeza takribani kilo 12 kwa kila sentimita mraba. Katika bomba la PVC, ambalo hutanuka kidogo, nyongeza ni takribani kilo 4. Nyongeza hiyo hujumlishwa na kanieneo iliyokuwapo. Robo mzunguko ni mwendo mfupi, na mtoto anaweza kuukamilisha kwa nukta moja. Ndiyo maana vali nyepesi haipimwi kwa maji yaliyotulia pekee, na ndiyo maana inapaswa kufungwa polepole.

Mpaka wa tatu ni joto na jua. PVC hupungukiwa nguvu kadiri joto linavyopanda, na mionzi ya jua huifanya iwe kavu na yenye kuvunjika. Vali ya plastiki inahitaji kijisanduku chenye kifuniko ardhini, na gharama ya kijisanduku hicho iingizwe katika hesabu tangu mwanzo.

Maswali ya Mnunuzi

Kutokana na maelezo haya, mwanakamati anaweza kwenda dukani akiwa na maswali matatu. Je, vali hii imeandikwa kiwango gani? Alama PN 16, kwa mfano, humaanisha kuwa inahimili takribani kilo 16 kwa kila sentimita mraba katika joto la kawaida. Je, kimo kutoka tangi hadi hapa ni mita ngapi, na nyongeza ya pigo la maji ikijumlishwa, kiwango hicho kinatosha? Je, ilijaribiwa vipi? Majaribio ya kawaida ya kimataifa huutia mwili wa vali kanieneo ya mara 1.5 ya kiwango chake, na viti mara 1.1, ili kuona kama vinavuja. Muuzaji asiyeweza kujibu hata swali moja anauza uzito, hauzi vali.

Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba wepesi na unafuu wa vali ya tufe hautokani na kukata mali ovyo, bali na kuijua njia ya kani: ipite wapi, ibebwe na nini, na iongezeke kwa kiasi gani maji yanaposimamishwa. Imeonyesha pia kwamba elimu hiyo inaelezeka kwa Kiswahili. Kani, kanieneo, tufe, kipenyo na mzingo ni maneno ambayo lugha yetu inayo tayari. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa na TUKI tangu mwaka 1990. Upungufu uliopo ni wa matumizi. Istilahi isiyofika dukani na kwenye mkutano wa kamati hubaki ndani ya kamusi kama maji yaliyo ndani ya tangi lililofungwa. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka Bungoma, Kitale na kwingineko wanaweza kuanza na kazi ndogo: kuufasiri ukurasa mmoja wa maelezo ya vali kwa ajili ya kamati ya maji ya kwao, kisha kuusoma pamoja na fundi na kuyarekebisha maneno yatakayomtatiza.