Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Deni la Msomi

Mtu akitaja "Mlimani" bwenini kwetu, sote twajua asema Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini ni wangapi kati yetu sisi wa Kidato cha Nne tujuao kilianzaje?

Chuo hicho kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Siku hizo hakikuwa hata na kilima. Kilianza katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi wasiofika 15. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani, yapata kilometa 13 kutoka mjini. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa, na Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wa Chuo.

Haba na haba hujaza kibaba. Masomo ya sanaa na jamii yaliongezwa mwaka 1964, sayansi 1965, udaktari 1968, kilimo 1969 na uhandisi 1973. Kisha mama akazaa: kitivo cha kilimo cha Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984, na udaktari wa Muhimbili ukawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Nasi tupendao Kiswahili tukumbuke kuwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilitungwa na taasisi ya chuo hicho.

Wanamichezo nao hawakusahauliwa. Pana viwanja vya mpira wa miguu, pete na kikapu, na bwawa la kuogelea. Tena michezo yenyewe ni somo la shahada, kwa hiyo kuukimbilia mpira si kuikimbia elimu.

Lakini jambo kubwa ni lile la Oktoba 1966. Wanachuo waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kuwataka walitumikie Jeshi la Kujenga Taifa na kupokea sehemu tu ya mshahara. Mwalimu aliwarudisha makwao zaidi ya 300, akapunguza na mshahara wake mwenyewe. Mwaka uliofuata wengi walipokelewa tena.

Wako wasemao adhabu ile ilikuwa kali. Pengine ni kweli. Hata hivyo, swali la siku ile lingali hai: nani amlipia msomi? Leo wengi husoma kwa mkopo wa serikali, na mkopo hulipwa kwa fedha. Lakini jasho la mkulima ambaye mwanawe hakufika hata Kidato cha Kwanza hulipwa kwa kazi njema tu.

Basi, wenzangu, tujitahidi kufika Mlimani. Ila tunapopanda, tujue ni mabega ya nani yanayotupandisha.

Mwanafunzi, Kidato cha IV