GB Nne za Kudanganyia Wateja

"Fundi, nichukue NVIDIA au AMD?" Nimechoka na swali hili. Wanaliuliza wanachuo, wanaliuliza wahariri wa video za harusi, nami nikiwauliza pawa saplai zao ni za wati ngapi, wanaona ninakwepa. Sikwepi. Kwa mwenye bajeti ndogo, jina la kampuni ni jambo la tatu au la nne. Isitoshe, kadi nyingi za grafiki unazoziona dukani hazikuundwa na kampuni hizo mbili: zenyewe hubuni chipu, kisha akina ASUS, MSI, Palit na Sapphire wakaitengenezea ubao, feni na boksi la kutisha.

Kinachowaponza wanunuzi ni namba ya GB iliyoandikwa kwenye boksi hilo. Watu wameaminishwa kwamba kadi ya GB 4 lazima iishinde ya GB 2. Uongo mtupu. Chukua GT 730, kadi ya mwaka 2014 ambayo bado inauzwa kama mpya. Lipo toleo lake la GB 4 za DDR3 ambalo memori yake, kwa njia ya biti 64, husafirisha takriban GB 14 kwa sekunde. GTX 750 Ti ya mwaka huohuo, yenye GB 2 tu za GDDR5, husafirisha GB 86. Ni mara sita! Chipu ya GT 730 inaishiwa pumzi zamani kabla hizo GB 4 hazijajaa. Umelipia ghala ambalo mwenyewe hana nguvu ya kulitumia. Tena jina lenyewe halikuhakikishii kitu, kwa sababu zipo GT 730 za viini 384 na zipo za viini 96, zenye chipu kongwe zaidi, na boksi mara nyingi limenyamaza.

Imani hiyohiyo ndiyo iliyozaa ile dawa ya kwenye video za mitandaoni: fungua rejista ya Windows, tengeneza DedicatedSegmentSize kwenye sehemu ya Intel, andika 512, zima na uwashe, tayari "umeongeza VRAM". Hujaongeza hata chembe. Umebadilisha namba inayosomwa na michezo, basi. Mchezo uliokuwa unagoma kufunguka huenda ukafunguka, lakini utakwama vilevile, maana memori inayotumika ni ileile RAM ya kompyuta yako.

Matapeli nao wanaijua imani hii vizuri. Wanachukua kadi ya enzi za GTS 450 au GTX 550 Ti, wanaandika upya BIOS yake, na Windows inaisoma kuwa ni GTX 1050 Ti ya GB 4. Ukiona tundu la buluu la VGA kwenye kadi inayoitwa 1050 Ti, shuku. Endesha GPU-Z palepale dukani kabla ya kulipa: tangu 2018 programu hiyo hulitambua ghushi la aina hii na kuandika FAKE mbele ya jina. 1050 Ti halisi ina chipu ya GP107 na viini 768. Muuzaji akikataa usipime, ondoka.

Sasa haraka haraka. Una kompyuta nyembamba ya ofisini ya mtumba, tuseme OptiPlex 7010? Pawa saplai yake ni ya wati 240 na haina waya wa kulishia kadi, kwa hiyo kadi itegemee sloti pekee, yaani isizidi wati 75, na iwe fupi ya kimo. GTX 1650 ya umbo hilo inatosha. RX 6400 ya AMD nayo inaingia, ila hutumia njia 4 tu za PCIe, hivyo kwenye mashine kuukuu inapunguza kasi; na haina saketi ya kusimbia video, basi mhariri wa harusi aiache. Intel Arc usiiweke kwenye ubao usio na Resizable BAR. Blender na programu zinazotegemea CUDA, chukua NVIDIA. Michezo tu, na pawa saplai ya kweli ya wati 500 ipo? RX 580 ya GB 8 iliyotumika, lakini soma lebo vizuri: ile ya 2048SP ni RX 570 iliyobadilishwa jina. Unaunda mashine mpya na fedha ni kidogo? Nunua Ryzen 5 5600G, usinunue kadi kabisa, na RAM iwe vijiti viwili vya GB 8, siyo kimoja cha 16, kwa sababu grafiki zake zinaitegemea RAM hiyo.

Na GT 730? Hiyo ni ya mtu ambaye kompyuta yake haina pa kuchomeka skrini ya pili. Mwingine yeyote asiinunue.