Dola ya Misri na Maji ya Ziwa Letu

Kuna kauli isikikayo mara kwa mara katika mialo ya ziwa hili la Victoria, na hata pale kisiwani Remba, ambapo mvuvi wa Suba hukaa ukuta kwa ukuta na mwenziwe aliyetoka Busoga au Musoma, kwamba roho ya Misri imo mikononi mwetu sisi tulioko huku juu, na kwamba siku tutakayotaka kuyaziba maji tutayaziba, na nchi ile itakauka. Kauli hiyo hupendeza masikioni, na haikosi chembe ya kweli. Walakini mwenye kuijua jiografia ya Mto Nili hawezi kuipokea vivi hivi. Afadhali basi tuitazame Misri yenyewe jinsi ilivyo, ardhi yake na mapato yake na serikali yake, kisha turejee ziwani tupime ni nani hasa amtegemeaye mwenziwe.

Misri ina eneo la kilomita za mraba zipatazo milioni 1, hivyo inaizidi Kenya kwa zaidi ya nusu ya ukubwa wa Kenya, na watu wake walipita milioni 100 mwaka 2020. Lakini umati huo karibu wote umesongamana katika sehemu isiyozidi moja ya ishirini ya nchi, kwa kuwa zilizobaki ni jangwa tupu. Upande wa magharibi jangwa hilo lanyooka hata Libya, na ndani yake mna bonde la Qattara lililozama mita 133 chini ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki milima mikavu yateremka hata Bahari ya Shamu. Na kuvuka huko kuna Sinai, penye Jabali la Katerina, mita 2,629, kilele kirefu kuliko vyote vya nchi hiyo. Mvua ya Cairo kwa mwaka mzima haifiki milimita 30, kiasi ambacho Remba huweza kukipata katika tufani ya usiku mmoja. Katikati ya ukavu huo mto wapita kama mshono wa kijani juu ya kanzu ya rangi ya mchanga, kutoka Aswan hata Cairo, na baada ya Cairo wagawanyika matawi mawili, la Rashid na la Dimyat, ambayo baina yake umetanda udongo mweusi wa Delta, wenye rutuba ambayo mataifa yameipigania tangu zama za Mafirauni.

Nchi ya namna hiyo haikuweza kutawaliwa ila na mtu ayapimaye maji. Katika kisiwa cha Roda, kilichomo mtoni mle mle mjini Cairo, kipo hata leo kisima kilichojengwa mwaka 861 kwa amri ya Khalifa al-Mutawakkil, na katikati yake imesimama nguzo ya mawe iliyochorwa alama za dhiraa. Mto ulipofurika, maji yaliingia kisimani, na msimamizi akawa akisoma nguzo siku kwa siku. Yakifika dhiraa 16 mji ulishangilia, na kharaji ilikuwa wajibu kulipwa kamili. Yakipungua hapo, kodi ilipunguzwa na bei ya nafaka ikapanda kwa hofu ya njaa. Na yakizidi sana, vijiji vilizama. Msomaji na atafakari jambo hilo, maana kwangu mimi ndilo ufunguo wa Misri yote. Serikali inayotoza ushuru kwa kusoma nguzo ya maji haina budi kujua kila shamba lilipo na ukubwa wake, kuwa na makarani wa kuandika, ghala za kuhifadhi na watu wa kuzibua mifereji kwa zamu. Na haya yote hayawezekani ila amri itoke mahali pamoja.

Ndiyo sababu sioni ajabu kwamba hata leo, katika jamhuri iliyotangazwa tarehe 18 Juni 1953 baada ya maofisa wa jeshi kumwondoa Mfalme Farouk mwaka uliotangulia, magavana wa mikoa 27 ya Misri huteuliwa na Rais, hali gavana wetu wa Homa Bay, na yule wa Migori, hana budi kuomba kura hata kwa wakazi wa visiwa. Naguib, Nasser, Sadat na Mubarak wote walikuwa watu wa jeshi. Ghasia za mwaka 2011 zilimwangusha wa mwisho wao, Morsi akachaguliwa mwaka 2012 na kuondolewa na jeshi mwaka uliofuata, na tangu mwaka 2014 ametawala Sisi, naye mwanajeshi. Katiba ya mwaka huo huo wa 2014 ilirekebishwa mwaka 2019, muda wa urais ukawa miaka 6, na baraza la pili la bunge likarejeshwa. Sura hubadilika, lakini kitovu cha mamlaka hakijahama.

Ama kuhusu majengo, hakuna lililoigeuza nchi hiyo zaidi ya Bwawa Kuu la Aswan. Waingereza walikuwa wamejenga bwawa dogo hapo mwaka 1902. Nasser alitaka kubwa lisilo na mfano, na Marekani ilipokataa kumkopesha fedha mnamo Julai 1956, yeye aliutaifisha Mfereji wa Suez tarehe 26 ya mwezi ule ule, jambo lililowaleta Waingereza, Wafaransa na Waisraeli kwa silaha kabla mwaka haujaisha. Fedha na mafundi wakatoka Urusi ya Kisovieti, kazi ikaanza mwaka 1960 na kukamilika mwaka 1970, na nyuma ya ukuta likatanda ziwa la urefu wa kilomita 500 hivi, ambalo lilizamisha vijiji vya Wanubi na kuwahamisha wenyewe. Umeme ulipatikana, mafuriko yakakoma, mashamba yakavunwa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Lakini tope lililokuwa likirutubisha ardhi bila ya gharama sasa limelala chini ya ziwa hilo. Mkulima hununua mbolea, na pwani ya Delta yazidi kuliwa na bahari. Nguzo ya Roda nayo haina tena cha kupima.

Juu ya uchumi sitakawia. Mfereji wa Suez, wenye urefu wa kilomita 193 na uliofunguliwa mwaka 1869, uliingiza dola bilioni 9.4 katika mwaka wa fedha wa 2022/23, kisha mapato yakaanguka vibaya pale meli zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 na nyingi zikazunguka kwa njia ya Rasi ya Tumaini Jema. Kuna watalii, kuna gesi iliyogunduliwa baharini mwaka 2015 pale Zohr, kuna pamba, na kuna fedha wanazotuma Wamisri walioko Ghuba. Walakini nchi iliyokuwa ghala ya ngano ya Roma leo ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa ngano duniani, na mkate wa ruzuku ndio mizani ya utulivu wake: mwaka 1977 watu walimwagika barabarani kwa sababu ya bei za vyakula, na bei ya mkate huo wa ruzuku ilikaa piasta 5 kwa zaidi ya miaka 30, hata Juni 2024 serikali ilipothubutu kuipandisha hadi 20. Tusisahau pia kwamba chai wanywayo pamoja na mkate huo, kwa sehemu kubwa, imenunuliwa katika mnada wa Mombasa.

Sasa turudi ziwani. Misri haikuanza jana kuyaangalia maji haya. Khedivi Ismail aliazimia kuufanya Mto Nili wote, na maziwa yanayouzaa, kuwa milki yake. Watu wake walimfikia Kabaka Mutesa wa Buganda, na mwaka 1875 manowari zake, chini ya McKillop Pasha, zilitua Barawa na Kismayu kwa nia ya kufungua njia ya kuja maziwani kutokea pwani yetu. Seyyid Barghash wa Unguja alilalamika kwa Waingereza, nao wakamlazimisha Ismail kuwarudisha askari wake. Lau Sultani angenyamaza, yamkini historia ya Nyanza ingeandikwa kwa kalamu nyingine.

Kilichoshindikana kwa manowari kilipatikana kwa barua. Tarehe 7 Mei 1929 Uingereza, ikisema kwa niaba ya makoloni yake, iliafikiana na Misri kwamba pasijengwe kazi yoyote ya umwagiliaji wala ya umeme katika Nili, au matawi yake, au maziwa inakotoka, itakayoyapunguza maji ya Misri, au kuyachelewesha, au kuyashusha kimo, ila kwa ridhaa ya Misri. Mjaluo, Msuba, Msoga na Mkerewe hawakuulizwa neno. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, Misri ilichangia gharama ili ukuta uongezwe kimo cha mita moja, na mhandisi wake akakaa pale kutazama kiasi cha maji kinachoachiliwa. Tanganyika ilipopata uhuru ikatangaza, mwaka 1962, kwamba haifungwi na mapatano hayo, msimamo ambao wanasheria wameuita kwa jina la Nyerere. Nao wakuu wa Misri na Sudani, mwaka 1959, walikwisha kugawana maji yote baina yao wawili, kilomita za ujazo 55.5 kwa huyu na 18.5 kwa yule, na 10 zikahesabiwa kuwa fungu la jua.

Je, kuna kitu gani hasa cha kuziba? Ziwa letu lina kilomita za mraba 68,800, na sehemu kubwa mno ya maji yake hayatoki katika mito bali katika mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Na sehemu kubwa mno haiteremki Jinja bali hupaa mvuke na kurudi mawinguni. Hayo machache yanayotoka huingia katika vinamasi vya Sudd, Sudani Kusini, na karibu nusu hupotelea humo. Asilimia 85 hivi ya maji yafikayo Misri ni ya nyanda za juu za Ethiopia, na ndiyo sababu bwawa la Ethiopia, lililoanzwa 2011 na kuzinduliwa Septemba 2025, limeitia Cairo kiwewe ambacho hakuna mtumbwi wa Remba utakaokitia. Thamani ya maji yetu ni nyingine: mafuriko ya Ethiopia huja kwa msimu kisha hukatika, ilhali Nili Nyeupe, itokayo ziwani kwetu, hutiririka mwaka mzima bila pupa, na katika miezi ya kiangazi ndiyo iliyokuwa ikiuhuisha mto kabla ya Aswan kuweka akiba.

Katika biashara ya samaki, naam, hapo sisi ndio tuliopokea. Sangara, ambaye huku huitwa mbuta, si mwenyeji wa ziwa hili. Ni samaki wa Nili, ambaye Wamisri wa kale walimtukuza na kumkausha kama maiti za wafalme katika mji wa Esna, naye alitiwa ziwani kwetu katika miaka ya 1950 akitolewa Ziwa Albert. Aliwala samaki wengi wadogo wa asili, lakini minofu yake na mabondo yake ndiyo yaliyovijaza watu visiwa vya mawe kama Remba, na ndiyo asili ya mzozo wa Migingo baina ya Kenya na Uganda.

Lakini la ajabu kuliko yote ni hili, nalo wachache hulitaja. Kanuni ya kuachilia maji pale Jinja, iliyowekwa kwa ajili ya Misri, iliamuru maji yaachiliwe kwa kiasi kile ambacho ziwa lingeachilia lenyewe kama pasingekuwa na bwawa. Baina ya 2003 na 2006, wakati wa ukame, mitambo ya Jinja ilitaka umeme zaidi, na maji yakaachiliwa kupita kiasi hicho. Ziwa likashuka zaidi ya mita moja, mialo ikabaki matopeni na mazalio ya samaki aitwaye ngege yakakauka ufukweni. Misri haikudhurika kwa kupata maji zaidi. Walioumia ni watu wa ufukweni. Basi kanuni tuliyoiona ni pingu ya mkoloni ilikuwa pia, bila kukusudia, ngao ya mvuvi.

Mwezi Mei 2010 Kenya ilitia sahihi mkataba mpya wa Bonde la Nili, siku chache baada ya Ethiopia, Uganda, Rwanda na Tanzania, na Sudani Kusini ilipouridhia mwaka 2024 idadi iliyotakiwa ilitimia, ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba. Misri na Sudani zilikataa, kwa kuwa zilitaka iandikwe waziwazi kwamba matumizi na haki zao za sasa hazitaguswa. Mkataba huo waagiza iundwe Tume ya bonde zima, na malango ya Jinja ni katika mambo yanayostahili kufikishwa mbele yake mapema. Mjumbe wa nchi yoyote ya ziwa hili atakayekwenda kuyanena huko itampasa achukue daftari la vimo vya maji, si vya Jinja peke yake, bali vya Kisumu, vya Mwanza na vya Mbita pia.