UZI: Rais akizeeka, swali letu liwe lipi?

1/ Jumamosi nilikuwa steji ya bodaboda pale Birongo, mvua imetufungia chini ya paa la duka. Vijana wawili walikuwa wanasema Katiba iweke kikomo: ukipita miaka 60, sahau urais. Mzee mmoja mwenye mkongojo akawauliza, "Na nyinyi mkifika 60 mtapelekwa wapi?" Watu wakacheka. Lakini hakuna aliyemjibu, na tangu siku hiyo swali lake linanisumbua.

2/ Mnaofuata nyuzi hizi mnajua masharti yetu: hatutaji jina la mwanasiasa wala chama. Kwa hivyo nitasema rais wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Mimi bado ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, si profesa. Nikikosea hesabu, nirekebisheni. Haya, twende.

3/ Tuanze na umri wao walipoingia na walipotoka.

Rais wa pili: kulingana na rekodi alizaliwa Septemba 1924. Aliingia Agosti 1978 akiwa na 53, akatoka Desemba 2002 akiwa na 78.

Wa tatu: aliingia na 71, akatoka Aprili 2013 akiwa na 81.

Wa nne: aliingia na 51, akatoka Septemba 2022 akiwa na 60.

Wa tano: aliapishwa Septemba 2022 akiwa na 55.

4/ Na wa kwanza je? Hapo ndipo hesabu inagoma. Tarehe yake ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Makadirio mengi yanaiweka kwenye miaka ya 1890. Alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978 akiwa bado rais, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka ya themanini. Yaani taifa lilimzika baba yake bila kujua kwa hakika alikuwa na miaka mingapi.

5/ Usicheke. Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Kitambulisho cha nyanya yangu kinasema alizaliwa 1957. Lakini Uhuru ulipokuja 1963, yeye alikuwa ameshaolewa na ana mtoto mgongoni. Fanya hesabu: kitambulisho kinadai alijifungua kabla ya kufika miaka saba! Siku ya kuandikishwa, karani alimtazama usoni akakadiria. Basi, ikawa hivyo.

6/ Na kosa hilo lina bei. Pesa za wazee za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, zinaanza ukifika miaka 70. Kwa karatasi, nyanya atafika 70 mwaka 2027. Kwa mwili, alishapita kitambo. Ndiyo maana mtu akiniambia "tuweke kikomo cha umri, ni rahisi", mimi namuuliza: umri upi, wa karatasi au wa mwili? Maana hata kwa rais wetu wa kwanza, wa karatasi haukuwepo.

7/ Sasa rudi kwenye zile namba, uziangalie tena. Kati ya wote, ni nani aliyekaa muda mrefu zaidi? Si yule aliyeingia na 71. Ni yule aliyeingia na 53. Alikaa miaka 24. Yule wa 71 alikaa 10, akaondoka. Kwa hivyo ujana wa siku ya kuapishwa haukutukinga na utawala mrefu. Rais kijana asiye na kikomo cha mihula ni rais mzee wa kesho. Subira tu.

8/ Kilichotukinga ni kitu kingine: mihula miwili. Sharti hilo liliingia kwenye Katiba ya zamani mwanzoni mwa miaka ya tisini, pamoja na kurudi kwa vyama vingi. Katiba ya 2010 ikalishikilia katika Kifungu cha 142. Ndilo lililomtoa rais wa pili 2002, wa tatu 2013 na wa nne 2022. Hakuna hata mmoja aliyetolewa na cheti cha kuzaliwa.

9/ Kuna jambo hatulisemi sana: kutoka ofisini hakuui mtu. Kabla ya 2002 hakuna rais wa Kenya aliyewahi kustaafu, kwa hivyo watu wengi walidhani kiti kile mtu hutoka akiwa amebebwa. Lakini rais wa pili aliishi miaka 17 baada ya kukabidhi mamlaka, akafariki Februari 2020 akiwa na 95 kwa rekodi rasmi. Wa tatu aliishi miaka tisa, akafariki Aprili 2022 akiwa na 90. Walistaafu wakazeeka nyumbani kama babu zetu.

10/ Sawa, lakini sheria inasema nini kuhusu umri? Katiba ya zamani ilitaka mgombea urais awe amefikisha 35. Ya 2010 iliondoa namba hiyo. Kifungu cha 137 kinataka uwe raia wa kuzaliwa, uwe na sifa za kuwania ubunge, na uungwe mkono na wapigakura wasiopungua 2,000 katika kila moja ya kaunti zaidi ya nusu. Juu hakuna kikomo. Jaji anastaafu akifika 70. Mtumishi wa umma kwa kawaida anaenda nyumbani na 60. Rais, hakuna.

11/ Vijana wa steji wana hoja hapa, tusiwapuuze. Kwenye sensa ya 2019, karibu Wakenya watatu kati ya wanne walikuwa chini ya miaka 35. Mwalimu wako anaambiwa amechoka akiwa na 60, halafu mtu wa 75 anaomba kuendesha nchi nzima. Inauma. Lakini yule mzee wa mkongojo naye ana Katiba mfukoni: Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya umri, na cha 57 kinawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii.

12/ Na hata tukiweka namba, namba hufutwa. Majirani zetu Uganda waliandika kwenye Katiba yao ya 1995 kwamba rais awe kati ya miaka 35 na 75. Desemba 2017, Bunge likakifuta kipengele hicho. Rais aliyekuwa madarakani, aliyezaliwa 1944, angekuwa amepita 75 kabla ya uchaguzi wa 2021. Kumbuka kikomo cha mihula walikuwa wameshakiondoa 2005. Ukishavunja ua la kwanza, la pili linaanguka lenyewe.

13/ Kwa hivyo mimi nasema tunauliza swali lisilofaa. Si "ana miaka mingapi?" Ni "mwili ukikataa, nani atatuambia, na nini kitafuata?" Hili linamhusu rais wa 80 na wa 50 sawasawa. Angalia Tanzania, Machi 2021. Rais hakuonekana hadharani kwa wiki kadhaa. Wananchi walipouliza, wengine walikamatwa kwa madai ya kueneza uvumi. Tarehe 17 tangazo likaja kwamba amefariki. Alikuwa na miaka 61 tu.

14/ Lakini angalia upande wa pili wa hadithi hiyo. Siku mbili baadaye Makamu wa Rais aliapishwa, kama Katiba yao inavyosema. Hakuna risasi, hakuna kugombania kiti. Urithi ulikuwa umeandikwa, ukafanya kazi. Kilichofeli ni habari: raia hawakuambiwa hali ya mtu waliyemwajiri.

15/ Sisi tulipitia kitu kama hicho mapema. Septemba 1976, rais wa kwanza akiwa mzee, wanasiasa fulani walianza mikutano Nakuru wakitaka Katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asichukue uongozi kwa siku 90 rais akifariki. Oktoba, Mwanasheria Mkuu akatoa onyo: kuwaza au kukusudia kifo cha rais ni kosa la uhaini, na adhabu yake ni kifo. Kampeni ikazima.

16/ Onyo hilo lilitusaidia na likatuharibu. Lilitusaidia kwa sababu Katiba haikuguswa, na Agosti 1978 makabidhiano yakaenda kwa utulivu. Likatuharibu kwa sababu lilitufundisha kwamba kuzungumzia afya ya rais ni kumtakia mabaya. Tabia hiyo bado tunayo. Mwishoni mwa 2002 rais wa tatu alikula kiapo akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali ya barabarani, na wiki chache baadaye akalazwa. Nchi nzima ilikuwa inanong'ona.

17/ Leo hatuna haja ya kunong'ona. Kifungu cha 144 kimeweka njia. Mbunge anayeungwa mkono na angalau robo ya Bunge la Kitaifa analeta hoja kwamba uwezo wa rais wa kimwili au kiakili uchunguzwe. Wengi wa wabunge wote wakikubali, Spika anamjulisha Jaji Mkuu, naye anaunda jopo la watu watano: madaktari watatu, wakili mmoja, na mtu mmoja aliyeteuliwa na rais mwenyewe. Rais akiwa hawezi hata kuteua, familia inamteulia.

18/ Jopo lina siku 14. Likisema hawezi kazi, Bunge linapiga kura tena. Wengi wakikubali, kiti kiko wazi. Ni utaratibu mzuri, lakini una tundu. Unaanzwa na wabunge, na wabunge wengi huwa upande wa rais. Halafu Katiba haimlazimishi mgombea urais aonyeshe ripoti ya daktari kabla hatujampigia kura.

19/ Sasa sehemu ambayo karibu kila mtu huiruka. Kiti kikiwa wazi, Kifungu cha 146 kinasema Naibu Rais anachukua na kumaliza muda wote uliobaki. Hakuna uchaguzi mpya. Ikitokea mwezi wa pili baada ya kuapishwa, umeongozwa karibu miaka mitano na mtu ambaye kwenye karatasi ya kura ulimwona kama jina la pili tu.

20/ Kwa hivyo wakija kuomba kura soko la Birongo, au popote ulipo, usiishie kwenye mvi za mgombea. Muulize mambo matatu. Utaheshimu mihula miwili? Utatuonyesha ripoti ya daktari? Naibu wako ni nani, na anaweza kazi hii kesho asubuhi? Kijana ajibu. Mzee ajibu.

21/ Mvua ilipokatika pale steji, yule mzee alipanda pikipiki ya mmoja wa wale vijana waliokuwa wanambishia. Alishikilia bega lake kwa mkono mmoja na mkongojo kwa mkono mwingine, na kijana akaenda polepole kwa sababu ya matope. Nami nikarudi nyumbani kumsomea nyanya Kifungu cha 57. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na hiyo inasema kitambulisho changu kitarekebishwa lini?"

Mwenye jibu, ama anayejua utaratibu wa kurekebisha mwaka wa kuzaliwa, aweke hapa chini. Wapo wengi kama yeye.