Shogi la Ngozi na Kichupa cha Insulini

Zamani, mizigo ya Unguja ilipobebwa na punda, ilitiwa katika shogi, mfuko mpana wa jamvi ulioning'inia mbavuni mwa mnyama. Leo mbavu ni za pikipiki, na shogi limekuwa mkoba wa ngozi, aghalabu mweusi, wenye mikanda na bizimu. Ngozi huzuia vumbi na manyunyu, na ikipakwa mafuta hustahimili hata upepo wa chumvi wa pwani ya mashariki. Hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni juu ya kitu kimoja kinachotiwa humo: kichupa cha insulini.

Mgonjwa wa kisukari wa Bwejuu anapoletewa dawa kutoka mjini, kichupa husafiri zaidi ya kilomita 50, kupitia Tunguu, Jozani, Kitogani na Paje. Mwendo wenyewe si mrefu. Tatizo ni vituo. Dereva husimama kusali, kula au kungoja abiria, na pikipiki hubaki juani. Ngozi nyeusi hunyonya joto la jua, na karibu yake lipo bomba la moshi ambalo bado halijapoa. Hewa iliyofungiwa mkobani huwa na joto kuliko ya nje, ambayo wakati wa kaskazi yenyewe hupita nyuzi 30.

Je, kila joto huiharibu insulini? La. Kichupa kisichofunguliwa hupaswa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Hata hivyo, watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba katika kambi ya Dadaab, kaskazini mwa Kenya, wakaliiga katika maabara. Matokeo yao ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu zake. Basi asiye na jokofu asikate tamaa: kivuli cha nyumba na chungu cha udongo kilicholoweshwa humsaidia, ingawa katika hewa yetu yenye unyevu chungu hakipoozi sana kama kwenye nchi kavu. Mkoba ulioachwa juani ni jambo jingine kabisa.

Insulini iliyoharibiwa na joto mara nyingi haibadiliki sura. Mgonjwa hujidunga kipimo kilekile, sukari hupanda, na nyumbani hushukiwa kwamba amekula halua kwa siri. Tabibu, asiyejua habari za mkoba, huongeza kipimo. Kisha huletwa kichupa kipya, kizima. Kipimo kilichoongezwa hukutana na dawa yenye nguvu kamili, na sukari hushuka ghafla, pengine usiku, mgonjwa akiwa usingizini. Hapo uhai huweza kupotea.

Kichupa na kisafiri ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana, iliyopozwa kwa maji baridi na kukaushwa, kikiwa kimezungushiwa kitambaa, mikononi mwa abiria na si ubavuni mwa pikipiki. Barafu isikiguse: insulini iliyoganda, hata ikiyeyuka, ni ya kutupwa. Dereva akabidhiwe asubuhi na mapema, aambiwe alichobeba. Tabibu naye, kabla ya kuongeza kipimo, amuulize mgonjwa: dawa hii ilifikaje Bwejuu, na ndani ya nini?