Kabla ya Clinton na Bush kufika Arusha, Wameru walishafika New York

WAKAZI wa Arusha wanapoulizwa kuhusu uhusiano wa mji wao na Marekani, wengi hutaja marais wawili. Bill Clinton alifika Agosti 28, 2000, kushuhudia utiaji saini wa mkataba wa amani ya Burundi, chini ya usuluhishi wa Mzee Nelson Mandela. George W. Bush alifuata Februari 18, 2008, akatembelea Hospitali ya Wilaya ya Meru na kiwanda cha kutengeneza vyandarua vyenye dawa.

Ziara hizo zilifunga barabara na kujaza kurasa za magazeti. Hata hivyo, uhusiano wa Arusha na Marekani ni wa zamani zaidi. Upo katika chakula, katika filamu na katika makazi ya wakimbizi wa kisiasa. Sehemu yake iliyo nzito kuliko zote ni safari ya Mmeru mmoja aliyevuka bahari mwaka 1952 kudai ardhi ya watu wake.

Makande yenye asili ya Amerika

Wapo wanaoamini kuwa makande ni chakula cha Kiafrika tangu enzi na enzi. Mapishi ni ya hapa, lakini mazao yametoka mbali. Mahindi yalianza kulimwa na wenyeji wa nchi ambayo leo ni Mexico, miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Maharage ya kawaida nayo yana asili katika bara hilohilo la Amerika, kama zilivyo nyanya, viazi mviringo, pilipili na maparachichi. Mazao hayo yalianza kuvuka bahari baada ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka 1492, na Wareno ni miongoni mwa walioyaleta Afrika.

Hata loshoro, chakula cha mahindi na maziwa mgando kinachopendwa na Waarusha na Wameru, ni ndoa ya zao la Amerika na ng'ombe wa Afrika. Kahawa ya miteremko ya Mlima Meru imepita njia ya kinyume: mmea wake una asili ya Ethiopia, na leo kinywaji chake kimekuwa sehemu ya maisha ya kila siku ya Wamarekani.

Mnara na soda

Mnara wa Saa, ambao husemekana kuwa katikati ya safari ya kutoka Cairo hadi Cape Town, kwa miaka mingi ulibeba matangazo ya Coca-Cola. Kinywaji hicho kilibuniwa mwaka 1886 na mfamasia John Pemberton katika mji wa Atlanta. Ni nembo ya Marekani duniani kote, lakini neno "Cola" limetokana na kola, tunda la Afrika Magharibi ambalo watu walikuwa wakilitafuna karne nyingi kabla ya Pemberton kuzaliwa.

Hatari na Imbaseni

Mwaka 1962 Wamarekani waliiona Arusha katika majumba ya sinema kupitia filamu yenye jina la Kiswahili, Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kuigizwa na John Wayne. Hadithi yake inahusu wakamataji wa wanyamapori, na sehemu ya picha zilipigwa katika eneo la Momella, chini ya Mlima Meru. Mwigizaji mwenzake, Mjerumani Hardy Krüger, aliipenda sehemu hiyo kiasi cha kununua shamba na kuishi huko kwa miaka kadhaa.

Muongo mmoja baadaye alifika Mmarekani wa namna nyingine. Pete O'Neal, kiongozi wa chama cha Black Panther katika mji wa Kansas City, alikimbia nchi yake baada ya kutiwa hatiani mwaka 1970 kwa kosa la kusafirisha bunduki kutoka jimbo moja hadi jingine. Alipitia Sweden na Algeria, akaingia Tanzania mwaka 1972. Yeye na mkewe Charlotte waliweka makazi katika kijiji cha Imbaseni, ambako mwaka 1991 walianzisha kituo cha kuwafundisha vijana.

Kutoka Engare Nanyuki hadi Umoja wa Mataifa

Tangu enzi za Wajerumani, ardhi nyingi yenye rutuba kuzunguka Mlima Meru ilitwaliwa na kugawiwa walowezi. Wameru walibaki wamebanwa kati ya mashamba hayo na msitu wa mlima. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza iliamua kuwahamisha Wameru wa Engare Nanyuki, kaskazini mashariki mwa mlima, ili eneo hilo litumiwe na walowezi kwa ufugaji wa ng'ombe. Waliambiwa waende Kingori, mahali walipopakataa.

Novemba 1951 serikali ilitumia nguvu. Watu wapatao 3,000 waliondolewa na nyumba zao zikachomwa moto.

Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha na kutumia mlango ambao makoloni ya kawaida hayakuwa nao. Tanganyika haikuwa koloni la Uingereza kisheria, bali nchi iliyo chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Ibara ya 87 ya Mkataba wa Umoja huo iliruhusu malalamiko kutoka nchi za namna hiyo kupokewa na kuchunguzwa.

Hivyo, mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton mwenye asili ya Bermuda, alikwenda New York na kueleza dhuluma hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa. Anatajwa kuwa Mtanganyika wa kwanza kufanya hivyo. Kamati ya Nne ya Baraza Kuu iliunga mkono Wameru warudishiwe ardhi, lakini katika kikao cha Baraza Kuu lenyewe azimio hilo halikupata theluthi mbili ya kura zilizohitajika.

Kwa hesabu ya kura, Wameru walishindwa. Kwa hesabu ya historia, walikuwa wamefungua njia. Habari za kesi hiyo zilienea Tanganyika nzima na kuwaonyesha wananchi kuwa serikali ya kikoloni inaweza kushtakiwa mbele ya dunia. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, na Kirilo akawa miongoni mwa viongozi wake katika Jimbo la Kaskazini. Machi 1955 Mwalimu Julius Nyerere naye alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York kudai haki ya Watanganyika kujitawala. Hatimaye ardhi ya Engare Nanyuki nayo ilirudi mikononi mwa Wameru.

Clinton na Bush walifika Arusha kwa ndege za serikali yao, wakiwa na walinzi na msafara mrefu. Kirilo alikwenda Marekani kwa michango ya wanakijiji, akiwa amebeba malalamiko ya watu waliochomewa nyumba. Kijana wa Arusha anayeyajua majina ya marais hao wawili anastahili kulijua na lake.